Bafa haizuii asidi, inaipokea

Wanaoanza kazi ya maabara mara nyingi huniambia kwamba bafa ni myeyusho ambao pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, haibadiliki. Naomba tuanzie hapo, maana kosa hilo dogo limeharibu kazi nyingi, ikiwemo yangu. pH ya bafa hubadilika. Hubadilika kidogo, na udogo huo tunaweza kuupigia hesabu.

Chukua lita moja ya maji safi yenye pH 7. Tia moli 0.01 ya asidi hidrokloriki: pH inaporomoka hadi 2. Sasa chukua lita moja yenye moli 0.1 ya asidi asetiki na moli 0.1 ya sodiamu asetati, ambayo pH yake ni 4.76. Tia asidi ileile, kiasi kilekile. pH inashuka hadi 4.67 tu.

Ioni za haidrojeni zimekwenda wapi? Zimedakwa na asetati. Asidi hidrokloriki ni kali, huachia ioni zake zote majini. Asidi asetiki ni dhaifu, huachia chache sana na kung'ang'ania zilizobaki. Kwa hiyo ioni ya haidrojeni ikikutana na asetati hunaswa, na asetati yenyewe hugeuka asidi asetiki. Tulitia asidi kali, tukaishia na asidi dhaifu. Siri yote iko hapo. Ukitia besi, zamu inakuwa ya asidi asetiki: inatoa haidrojeni yake, haidroksidi inageuka maji, na pH inapanda hadi 4.85 badala ya 12 ambayo maji matupu yangefika.

Uhusiano huu aliuandika Lawrence Henderson mwaka 1908, kisha Karl Hasselbalch akauweka katika logarithimu mwaka 1916:

pH = pKa + log (besi ÷ asidi)

Besi hapa ni asetati, asidi ni asidi asetiki, na pKa ni namba ya kila asidi dhaifu: pH ambapo asidi na besi yake viko sawa, hapa 4.76. Kabla ya kutia asidi, uwiano ulikuwa 0.1 kwa 0.1, na logi ya 1 ni sifuri. Baada ya hapo ni 0.09 kwa 0.11, na logi yake ni karibu −0.09. Mimi huupenda mlinganyo huu kwa sababu unaonyesha utulivu unatoka wapi: ili pH ishuke kizio kimoja kizima, asidi lazima iwe mara kumi ya besi. Kabla hujafika huko, umeshatia asidi nyingi mno.

Lakini mlinganyo unaangalia uwiano tu, hausemi akiba ni kubwa kiasi gani. Hapo ndipo nilipoteleza. Niliwahi kuzimua bafa mara kumi ili chupa ifike mwisho wa wiki, nikapima pH, nikaikuta palepale, nikaridhika. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) nilichokuwa nikichunguza kilikuwa kinazalisha asidi, na katikati ya jaribio kikaacha kufanya kazi. Nilimaliza siku mbili nikikilaumu kimeng'enya. Angalia mfano wetu: ukiuzimua mara kumi, unabaki na moli 0.01 ya asetati kwa lita, na ile moli 0.01 ya asidi inaimaliza yote. pH inaanguka hadi karibu 3.2. Tangu siku hiyo, kwenye lebo naandika pH pamoja na ukolezi, kila mara.

Kanuni ya kuchagua ni kutafuta asidi dhaifu ambayo pKa yake haiko mbali na pH unayoitaka kwa zaidi ya kizio kimoja. Kwa pH 7, fosfati yenye pKa ya takriban 7.2 inafaa sana.

Damu ya binadamu inaonekana kuivunja kanuni hiyo. Bafa yake kuu ni bikaboneti, yenye pKa ya takriban 6.1, ilhali pH ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Uwiano wa besi kwa asidi ni kama 20 kwa 1, na kwenye chupa iliyofungwa bafa hiyo ingekuwa hafifu. Mwili haujafungwa. Bikaboneti ikinasa haidrojeni, mwishowe hutokea kaboni dioksidi, na mapafu huitoa nje. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi za ketoni huhema kwa kina na kwa nguvu: bikaboneti yake imepungua, na mapafu yanapunguza upande wa pili, yaani kaboni dioksidi, ili uwiano usiporomoke.