Mabega yaliyobeba vita vya milimani

Wanafunzi wanaotutembelea hapa Malindi, wakishaiona sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga ukoloni, huuliza aligombana na Waingereza kwa sababu gani. Jibu fupi ni kodi na vijana. Serikali ya kikoloni ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za wakoloni, naye akakataa. Baada ya mapigano ya Agosti 1914, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa wanaume 1,000 wa kazi. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeshaanza, na jeshi la Waingereza lilihitaji watu wa kubeba mizigo, yaani wapagazi.

Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteka Moshi, kisha yakashuka kando ya milima ya Pare na Usambara yakimfukuza kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Agosti yakafika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Farasi na ng'ombe walikuwa wameuawa na mbung'o, magari yamekwama kwenye matope ya masika. Na huko Uluguru njia ni nyembamba, mteremko mkali. Kilichoweza kupita ni binadamu na mzigo wake.

Hebu tupige hesabu. Chukua mpagazi mwenye kilo 25 za unga kichwani, anayekula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, kilo 20 amekula mwenyewe. Askari anapata kilo tano! Kila mlima uliotokea mbele ulidai wapagazi zaidi, nao walitaka kula. Basi posho ikapunguzwa, na mara nyingi unga wa mahindi uliliwa haujaiva, ukawaharibu matumbo. Kuhara damu, malaria na nimonia viliwaua wengi kuliko risasi.

Waliokufa kutoka upande wa Kenya peke yake walipita 40,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps (Kikosi cha Wapagazi), lilivyotamkwa na watu wetu, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mnara wa ukumbusho Nairobi unawataja wapagazi, lakini kwa ujumla tu, bila majina. Jambo hili linaniuma, maana hata mishahara ya maelfu yao haikuwafikia jamaa zao.

Kama kwenu kuna mzee anayesimulia babu aliyechukuliwa akabebe mizigo ya vita asirudi, mleteni, au tuiteni tuje nyumbani. Tunaandika jina la huyo babu, la baba yake na kijiji alichotoka.