Figo ya kupandikizwa: yanayosemwa mitaani na yaliyo kweli

Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, mgonjwa wa Dar es Salaam halazimiki tena kwenda India kwa upasuaji huo. Huduma imesogea, ila maneno ya mitaani yamebaki palepale, na mengi yanahusu miaka inayofuata baada ya mshono kupona.

"Ameshapandikizwa, amepona." Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linapoteza figo zilizopatikana kwa shida. Kinga ya mwili huiona figo ile kuwa ngeni hata baada ya miaka kumi, ndiyo maana dawa za kuituliza humezwa maisha yote, kwa saa zilezile. Mgonjwa anakojoa vizuri, uvimbe umekwisha, haendi tena kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Anajiona mzima, anaanza kuruka dozi, au dawa zinamwishia na anasubiri mwisho wa mwezi. Figo inapoanza kukataliwa mara nyingi haiumi. Kriatinini, taka ya damuni inayotolewa na figo, hupanda kimyakimya, na miguu ikija kuvimba, huenda sehemu ya figo imeshakufa.

Siku ya kliniki utawaona wazoefu kwenye foleni ya maabara asubuhi, kidonge kimefungwa kwenye tishu ndani ya pochi. Kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo za kutuliza kinga, hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi. Aliyekwisha kuimeza nyumbani Mbagala atatoa damu inayoonyesha dawa imezidi, na daktari anaweza kumpunguzia dozi bila sababu. Kama umeshameza, sema.

"Haimalizi miaka miwili." Si kweli. Kwa wastani figo iliyotolewa na mtu aliye hai hufanya kazi miaka 15 hadi 20, na iliyotoka kwa marehemu 10 hadi 15. Wapo waliovuka 30. Ikichoka, mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu au hupandikizwa tena. Figo zake za kuzaliwa nazo kwa kawaida haziondolewi. Mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja.

"Anayetoa figo amejikatia maisha." Upandikizaji wa kwanza kufanikiwa ulifanyika Boston, Desemba 1954, kati ya pacha wa kufanana. Ronald Herrick, aliyemtolea nduguye, aliishi hadi 2010. Figo inayobaki huongeza kazi yake, na mtu hakubaliwi kutoa kabla ya kupimwa kwa kina. Nguvu za kiume haziondoki na figo. Hata hivyo tusiwafiche ndugu zetu: hatari ya figo kushindwa baadaye hupanda kidogo, na mwanamke akibeba mimba baada ya kutoa, uwezekano wa presha ya ujauzito huongezeka. Apimwe presha, mkojo na damu kila mwaka. Inasikitisha kuona familia nzima ikimzunguka aliyepokea, na aliyetoa hakuna anayemuuliza hali.

"Mwanamke aliyepandikizwa hazai." Uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ndani ya miezi michache, hivyo uzazi wa mpango uzungumzwe mapema. Kwa kawaida hushauriwa kusubiri angalau mwaka mmoja, figo ikiwa imetulia, na mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ibadilishwe kabla ya mimba kwani hudhuru mtoto tumboni.

"Kinachoua ni figo kukataliwa tu." Wengi hufariki figo ikiwa bado inafanya kazi, kwa maradhi ya moyo, maambukizi au saratani. Takrolimasi na prednisoloni, nayo ya kutuliza kinga, zinaweza kuleta kisukari kwa asiyekuwa nacho, kwa hiyo presha na sukari zifuatiliwe kama kriatinini.

Na homa isimalizwe kwenye duka la dawa. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayouzwa kama karanga, inaweza kuumiza figo hiyo. Erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, hupandisha takrolimasi kwenye damu, juisi ya balungi vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Baadhi ya dawa za miti shamba nazo huivuruga. Ukipata homa nenda hospitali siku hiyohiyo, na kabla hujaandikiwa chochote mwambie daktari kuwa umepandikizwa figo, kisha mwonyeshe dawa zako zote.