"Could of" haithibitishi kwamba Mwingereza hajui sarufi

Imeletwa tena picha ya insha ya mwanafunzi wa Uingereza, "I could of gone" imezungushiwa wino mwekundu, na chini yake maneno yaleyale: "Hata wenyewe hawajui sarufi!" Haya, tulitazame kosa lenyewe.

"Could have" kwenye mazungumzo hufupishwa kuwa "could've", na silabi ile ya mwisho, isiyo na mkazo, husikika sawa kabisa na "of". Mtoto ameisikia miaka mingi kabla ya kuiona imeandikwa, kwa hiyo anaandika alichosikia. Sisi hatukosei hapo kwa sababu tulianzia ubaoni. Hiyo ni tahajia, jamani. Huyohuyo wa "could of" hataandika "I could of going", wala "a red big bag", na "a" na "the" zinazotutoa jasho sisi yeye hazimsumbui. Mtoto wa Tanga naye huandika "ata" badala ya "hata", hajui KI-VI ni mnyama gani, lakini hutamsikia akisema "kitabu mzuri".

"It's tail" badala ya "its tail" inanikera zaidi, maana inaitwa uvivu. Ritifaa, kile kialama cha ('), huonyesha umilikaji kwenye nomino: "the dog's tail". Mwanafunzi ameifuata kanuni, ila ameivusha hadi kwa viwakilishi, ambako "his" na "hers" hazina ritifaa. Karne ya 17 "it's" ya umilikaji iliandikwa bila aibu. Dawa: ifungue iwe "it is". "It is tail" haisemeki, toa ritifaa.

"He gave it to my brother and I" ni kosa la shule yenyewe: kakaripiwa kwa "me and my brother went", sasa anaikimbia "me" kila mahali. Afute "my brother and", asome tena: "He gave it to I" haisemeki, ni "me".

Udhaifu wa kweli upo kwenye sentensi ndefu, mbili zikiunganishwa kwa koma tupu. Tangu 2013 England inawapima watoto wa darasa la mwisho la msingi sarufi, tahajia na alama za uandishi. Lakini mtoto anaweza kukitambua kihusishi vizuri tu na koma ikabaki palepale. Sina hakika istilahi zinasaidia insha.

Na shaka nyingine. Wapo ambao ukiwataka watamke polepole, hutamka "of" waziwazi, kwa mkazo. Kwa hao huenda si tahajia tena. Sarufi yenyewe imehama, na wino mwekundu hautairudisha.