Kiti Mwendo Hakimzuii Mtu Kutembea

"Msimkalishe kwenye hicho kiti, atazoea na hatatembea tena," aliniambia juzi shangazi wa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akaumia uti wa mgongo, huku akikisukuma kiti mwendo nyuma ya mlango. Katika kazi yangu ya mazoezi tiba nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na sasa nayajibu kwa maandishi.

Kutembea baada ya jeraha la uti wa mgongo hakutegemei kiti, bali hutegemea zaidi kiasi cha nyuzi za neva zilizosalimika mahali palipoumia. Ndiyo maana daktari hupima nguvu za misuli na hisia za ngozi, kisha hupima kwa kidole kama mgonjwa anahisi na anaweza kubana njia ya haja kubwa. Ndugu hukionea aibu kipimo hicho, ilhali palipo na hisia pale jeraha si kamili, yaani baadhi ya nyuzi zimesalimika, na matumaini ya kutembea huwa makubwa zaidi. Katika madaraja ya jeraha tunayotumia, kuanzia A (jeraha kamili) hadi E (nguvu na hisia za kawaida), wengi wa daraja D hurudi kutembea. Wa daraja A wanaorudi kutembea ni wachache, hata wakifanya mazoezi kutwa kucha.

Anayenyimwa kiti hulala usiku na mchana, ngozi ya makalio isiyohisi maumivu ikafa kimyakimya, na baada ya wiki chache tunasafisha kidonda kilichofika mfupani huku mazoezi ya kusimama yakiahirishwa. Kabla ya daktari Ludwig Guttmann kuanza kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wagonjwa wengi wa aina hii waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwenye neva zilizosalia hapotezi kitu kwa kukaa kwenye kiti: asubuhi hujikongoja kati ya vyuma sambamba, mchana hukaa, kama sisi tukaavyo baada ya kazi. Masharti yangu, ambayo wauguzi wameyachoka, ni kwamba kila robo saa ajiinue kwa mikono au aegemee mbele, na kila jioni akague makalio kwa kioo kidogo cha kunyolea. Kioo hicho nakithamini kuliko chupa zote za mafuta ya kuchua ninazozikuta chini ya vitanda.

Miguu ikirukaruka usiku, watu husema neva zinaamka. Mara nyingi ni misuli iliyokosa amri ya ubongo ya kuituliza, na hali hiyo ikizidi ghafla, angalieni kwanza mpira wa mkojo ulioziba, choo kigumu au kidonda. Kukanda kwa maji ya moto nako hakuungi neva. Huunguza ngozi isiyoweza kulalamika.

Lugha yetu nayo hutuchanganya, kwa kuwa "uti wa mgongo" huitwa mfupa na huitwa pia ugwe wa neva uliomo ndani yake, hivyo chuma kikishafungwa familia huuliza mbona mgonjwa hatembei. Upasuaji huondoa mgandamizo na kuimarisha pingili. Hauziungi nyuzi zilizokatika.

Kijana wa mwembe anahisi kidole cha daktari, na jana alikunja kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kiti bado kiko nyuma ya mlango. Kesho nitakwenda kukitoa mwenyewe.