Msaidizi wa huduma za afya: maana ya kazi hii na mafunzo yake

Msaidizi wa huduma za afya ni mtumishi anayemhudumia mgonjwa kwa mikono yake, chini ya usimamizi wa muuguzi au mtaalamu mwingine aliyesajiliwa, ilhali yeye mwenyewe si muuguzi. Humwogesha asiyeweza kuinuka, humlisha, humpeleka msalani, humgeuza kitandani ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, na hupima joto, presha na mapigo ya moyo. Cheo hiki kimezoeleka zaidi Uingereza na Ireland, na sasa kimeingia pia katika matangazo ya vyuo vya Kenya. Asichanganywe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa Tanzania, ambaye huzunguka kaya kwa kaya akitoa elimu ya afya na rufaa. Huyu tunayemzungumzia hapa kazi yake iko kando ya kitanda, wodini au katika makao ya wazee.

Nchini Uingereza, jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mtu huajiriwa kwanza, kisha hufundishwa akiwa kazini. Kwa muda mrefu kila mwajiri alifundisha alivyoona inafaa, na wengine hawakufundisha sana. Mwaka 2013, baada ya uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis kuanika mateso waliyoyapata wagonjwa katika hospitali ya Stafford, serikali ilimwomba mwanahabari Camilla Cavendish awachunguze watumishi hawa wasiosajiliwa, naye akapendekeza wote wapitie mafunzo ya msingi yanayofanana. Ndipo Aprili 2015 kikaanzishwa cheti kiitwacho Care Certificate, kilichokuwa na viwango 15, vikiwemo heshima na faragha ya mgonjwa, chakula na maji, shida ya akili ya uzeeni, ulinzi wa watoto na watu wazima walio hatarini, huduma ya kwanza ya kuokoa maisha, na kuzuia maambukizi.

Cheti hicho hakitolewi kwa kusoma tu. Mafunzo ya darasani au ya mtandaoni humpa mwanafunzi maarifa, lakini mtathmini ni lazima amwone akiyatenda kwa mgonjwa halisi mahali pa kazi kabla ya kumthibitisha. Kwa hiyo anayesema ameshapata cheti hiki chote akiwa nyumbani mbele ya kompyuta, amepata nusu yake.

Kwa nini kuonwa kuwe na uzito kiasi hicho? Chukua mfano wa kuhesabu pumzi, kazi ambayo mtazamaji angeidhani ndogo kuliko zote. Hospitali za Uingereza hutumia chati ya tahadhari iitwayo NEWS2, ambayo hutoa alama kwa kila kipimo: mtu mzima anayepumua mara 12 hadi 20 kwa dakika hupata sifuri, anayepumua mara 21 hadi 24 hupata 2, na kuanzia 25 hupata 3. Jumla ya alama ikifika 5, mgonjwa anapaswa kuonwa kwa haraka. Ikifika 7, hiyo ni dharura. Sasa msaidizi aliyechoka, ambaye badala ya kuhesabu dakika nzima anakisia na kuandika 18 kama alivyoandika mwenzake wa zamu iliyopita, amemfichia muuguzi dalili ambayo mara nyingi hutangulia nyingine katika hali ya mgonjwa kuzorota. Muuguzi ndiye atakayetafsiri chati na kuamua la kufanya, lakini ataamua kwa kutegemea namba aliyoletewa. Mtihani wa kuandika hauwezi kumtambua anayekisia.

Sehemu ngumu zaidi ya mafunzo, kwa maoni yangu, ni kujua mpaka. Msaidizi hupewa majukumu na muuguzi, na muuguzi hubaki akiwajibika kwa uamuzi wa kumpa. Lakini msaidizi naye anawajibika kwa alichokifanya, na anatakiwa kukataa jukumu ambalo hajafundishwa. Baadhi huongezewa ujuzi, kama kutoa damu kwa ajili ya vipimo, baada ya kufundishwa na kupimwa. Kwa aliyelelewa kutomjibu mkubwa wake, kumwambia muuguzi mkuu kwamba “hili sijafundishwa” si jambo jepesi, na ni vyema likafanyiwa mazoezi tangu mwanzo.

Marekani ilishika njia nyingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 kuhusu makao ya wazee iliweka mafunzo yasiyopungua saa 75, kati yake angalau 16 zikiwa za vitendo chini ya usimamizi, na majimbo kadhaa yameongeza saa hizo. California hudai 160. Baada ya hapo kuna mtihani wa maarifa na wa vitendo, kisha jina huingizwa katika daftari la jimbo. Mtu huyo, anayejulikana kwa herufi CNA (certified nursing assistant, yaani msaidizi wa uuguzi aliyethibitishwa), akikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, hulazimika kufundishwa na kupimwa upya. Uingereza haina daftari moja la namna hiyo la nchi nzima kwa wasaidizi wa kawaida.

Tofauti hiyo inamhusu moja kwa moja anayelipia kozi ya wiki chache Afrika Mashariki kwa matumaini ya kusafiri. Cheti cha nyumbani kinaweza kumfundisha kazi vizuri, hasa kama chuo kinampeleka wodini, lakini si leseni mahali popote pengine: Marekani atafuata masharti ya jimbo, na Uingereza mwajiri atamwanzishia tathmini yake. Wala cheti si viza. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuwaajiri watunzaji wapya kutoka nje kwa ajili ya makao na huduma za majumbani, na tangazo la kozi lisilolitaja jambo hilo linauza safari ambayo chuo hakina uwezo wa kuitoa.