Nyumba za wafanyabiashara wa Aalborg: anza kutazama darini

Watalii wengi wanaofika kwenye jumba la mfanyabiashara Jens Bang huko Aalborg, Denmark, wanatafuta kile kichwa cha jiwe kinachotoa ulimi kuelekea baraza la mji. Husemwa Bang alikuwa na kinyongo kwa kutoingizwa barazani. Utamu wa kisa hicho ndio unaowafanya waondoke bila kutazama juu.

Jumba hilo lilijengwa 1624. Mbele yake ulipita mto Østerå, ambao leo umefunikwa na kuwa barabara ya Østerågade, kwa hiyo shehena ilishushwa karibu kabisa na mlango. Katika nyumba za aina hii, bidhaa zinazohitaji ubaridi zilikaa chini ya ardhi, na nafaka ikapandishwa kwa kapi hadi darini, kwenye ukavu na upepo. Shayiri ikitandazwa kwa kina cha sentimita 30 inaelemea sakafu kwa kilo 180 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, kabla hujahesabu wanaoigeuza kwa koleo isipate joto.

Ndiyo maana ukutani kuna zile nanga za chuma. Si mapambo: kila moja imeshika ncha ya boriti ili ukuta usiegemee nje. Maji yakipenya, chuma hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Tofali hupasuka, jiwe la mchanga humeguka. Kuziba ufa hakusaidii. Fukua nanga, isafishe au weka ya chuma kisichoshika kutu.

Adui mwingine ni saruji. Ni ngumu kuliko tofali la zamani na inazuia unyevu usitoke kupitia maungio kati ya matofali, basi barafu hubandua uso wa tofali. Kwangua maungio hadi sentimita 2 au zaidi, lowesha, kisha tumia sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga. Usifanye kazi hiyo karibu na majira ya baridi.

Nyumba ya mfanyabiashara mwingine wa Aalborg, Jørgen Olufsen, ya 1616, ina pia sehemu ya kiunzi cha mbao, yaani fremu ya boriti iliyojazwa ukuta katikati. Nyumba yoyote ya kiunzi ikague kwanza boriti ya chini kabisa: barabara ikiinuliwa hadi kuifikia, mwaloni huoza kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa safi. Gonga kwa nyundo; mlio mzito, usio na mwangwi, ni dalili ya kuoza.