Kuba la shaba, kofia ya shaba: yanayosemwa makumbushoni Sheffield

Jengo la West Bar, mjini Sheffield, Uingereza, lilijengwa mwaka 1900 liwe kituo kimoja cha zimamoto, polisi na gari la wagonjwa. Sasa ni makumbusho ya huduma za dharura, na seli za mahabusu zingali mle mle. Kuhusu vitu vya aina inayowekwa humo, haya ndiyo husemwa sana.

Dhana: Nyumba isiyo na kibao cha bima iliachwa iteketee.

Ukweli: Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, kampuni za bima zilianzisha vikosi vyao vya zimamoto na kupigilia vibao vya madini ya risasi kwenye kuta za wateja. Ushahidi wa vikosi kukunja mikono na kutazama ni haba, na hata hesabu inakataa: moto wa jirani asiye na bima ukiachwa, muda si mrefu uko kwenye paa la mteja wako. Kibao kilikuwa alama, na tangazo la biashara pia.

Dhana: Kuba la shaba katikati ya bomba la mkono (pampu ya zamani ya kuzimia moto, iliyosukumwa na watu) ni tangi la maji, na waliopampu walikuwa wazimamoto.

Ukweli: Kuba lile ni chumba cha hewa, na ndilo roho ya mashine. Chini kuna silinda mbili. Pistoni moja ikipanda, nyingine inashuka. Kila msukumo ungetoa maji kwa mpigo, yakikatika pistoni zinapogeuka. Maji yakiingia kwenye chumba hubana hewa iliyo juu, na hewa hiyo huendelea kuyasukuma pistoni zinapobadilishana, hivyo mkondo unatoka mfululizo. Hewa ikipungua, chumba kikajaa maji, mpira wa maji unaanza kutapika kwa vipindi na kuruka mikononi mwa aliyeushika. Ndiyo maana baada ya kazi maji yote yalitolewa chumbani.

Wazimamoto walishika mpira. Wa kupampu walikuwa vibarua waliookotwa mtaani, kwa bomba kubwa hata watu thelathini, wakipokezana kila dakika chache kwa sababu mikono huisha upesi. London waliwalipa shilingi moja kwa saa ya kwanza, nusu shilingi kwa kila saa iliyofuata, na bia. Bia ikichelewa, mikono nayo ililegea.

Dhana: Gari la zimamoto la mvuke lilijiendesha.

Ukweli: Machache tu. Mvuke ulikuwa wa pampu. Kuvuta ni kazi ya farasi. Maji ya boila yaliwekwa yakiwa ya moto kituoni, moto ukakolezwa njiani, ili wakifika mvuke uwe tayari.

Dhana: Kofia za shaba ya manjano ziliachwa kwa sababu ya bei.

Ukweli: Umeme ndio uliozifukuza. Kapteni Eyre Massey Shaw, mkuu wa zimamoto la London, alizileta huko miaka ya 1860, akiiga kikosi cha Paris. Nyumba zilipojaa nyaya, dari likianguka waya unaning'inia, na shaba ni njia nzuri mno ya kuupitisha umeme hadi kichwani. London ilizibadilisha miaka ya 1930.

Dhana: Polisi wa Uingereza walipiga filimbi tangu mwanzo.

Ukweli: Polisi wa London walianza mwaka 1829, filimbi ilikuja miaka ya 1880. Kabla ya hapo walibeba kifaa cha mbao cha kupigia kelele: ulimi wa ubao unaogonga meno ya gurudumu ukikizungusha. Kilikuwa mzigo mfukoni, na mhalifu akikinyakua kinageuka rungu.

Dhana: Kuwaweka polisi na zimamoto chini ya paa moja ulikuwa ubahili wa mji huu.

Ukweli: Miji mingi ya Uingereza ilikuwa na zimamoto lililo sehemu ya polisi, na askari waliofanya kazi zote mbili. Vita vya Pili vya Dunia vilipolazimisha kikosi kimoja cha zimamoto cha taifa mwaka 1941, mtindo huo ulikatika, na sheria ya 1947 ikazuia askari polisi kuajiriwa kuzima moto.